Bunduki ya kuwindia kwa mfuko mdogo: Axis, American, Howa, au Brno ya mzee?

Mpwa wangu wa Mafinga alinipigia simu jioni moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kamwene?"

Hakuzunguka sana. Hatua za leseni amezimaliza, paina zake zimevunwa na kulipwa, hela ipo ila si ya kuchezea, na kwenye karatasi ana majina manne ya bunduki za boliti, zile unazokoki kwa mkono kila risasi. Alitaka nimtajie moja tu akanunue. Nikamwambia moja sitaji. Akacheka, akidhani namkwepa.

Simkwepi. Zote nne zinamwangusha swala pala kwenye mita themanini, na mtu akizipiga kwenye karatasi hataona tofauti ya kumfanya akope pesa. Tofauti huanza siku mvua ya Makete inapokukuta porini, au unapokwenda dukani ukaambiwa risasi za kaliba yako, yaani kipimo cha bunduki yako, zimeisha tangu mwaka jana. Basi niliyomweleza kwa simu nayaandika hapa kwa utulivu, maana najua hayuko peke yake.

Majina yenyewe ni haya. Savage Axis ya Marekani iliingia sokoni mwaka 2010 kwa jina la Edge, mwaka uliofuata ikabatizwa Axis. Ruger American, nayo ya Marekani, ni ya tangu 2012. Howa 1500 inatengenezwa Japani, na ndiyo hiyo hiyo ambayo kampuni ya Weatherby ya Marekani huiuza kwa jina la Vanguard. Ya nne ni Brno ZKK 600 ya iliyokuwa Chekoslovakia, iliyoanza miaka ya 1960 na kupisha CZ 550 miaka ya 1990. Kwa hiyo Brno ni lazima uinunue kwa mtu, imeshatumika, pengine na baba yake kabla yake.

Tunapima nini

Kipimo cha kwanza ni risasi, na nitakieleza peke yake. Baada ya hapo nitazipitisha zote nne kwenye mambo yale yale: uzito na kitako, boliti na magazini, kifyatulio na usalama, darubini, hali ya hewa, kisha vipuri.

Ulengaji kwenye karatasi nimeuweka pembeni makusudi. Bunduki za bei hii siku hizi huweka risasi tatu ndani ya sentimita tatu au nne kwenye mita 100, ukizipa risasi zinazozipenda. Katika miombo ya Chunya au ya upande wa Pawaga, mara nyingi mnyama utamwona mita 60, ukijaliwa 120, na kati yenu kuna matawi. Anayekuuzia bunduki kwa habari za mita 500 muulize lini alisimama mahali penye uwazi wa mita 500 na kibali mkononi.

Na kwa kuwa nimetaja kibali: leseni ya bunduki chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haikupi mnyama hata mmoja. Kuwinda kuna kibali chake upande wa wanyamapori, na mtu wa kuanza naye ni afisa wanyamapori wa wilaya yako. Usiku na tochi ni kosa, hata kama nguruwe pori wako ndani ya mahindi yako.

Risasi kwanza, jina baadaye

Wengi huchagua bunduki kisha ndiyo waulizie risasi. Geuza. Nenda kwa wauzaji wawili wenye leseni, usiulize "mnaweza kuagiza?" Kuagiza kila mtu anaweza. Uliza "rafuni leo kuna nini, na mwaka jana kulikuwa na nini?" Kaliba itakayojirudia kwenye majibu ya wote wawili ndiyo yako. Leseni itaandikwa kaliba hiyo, na ukishaandikiwa huwezi kubadili mawazo kaunta.

Hapa zote nne nimezichukulia kwenye .30-06 ili mizani ikae sawa, kwa sababu zote zimetengenezwa kwa kaliba hiyo na ni kaliba ya tangu 1906 iliyosambaa dunia nzima. Kichwa cha risasi cha gramu 9.7 hutoka kwa kama mita 880 kwa sekunde, cha gramu 11.7 kama mita 820. Kwa pongo, tohe, ngiri, kongoni, hata tandala mkubwa, inatosha ukimpiga pale panapotakiwa. Nyati msahau. Kwake kaliba ya chini ni .375, na hakuna hata moja kati ya bunduki hizi za .30-06 itakayokuokoa akigeuka.

Hesabu nyingine ambayo watu huiruka: kwenye bajeti yako tenga boksi tatu za risasi za mazoezi kabla hujaanza kuota nyama. Boksi lina 20. Ukibaki na hela ya bunduki na risasi tano, umenunua pambo la ukutani, na sheria hairuhusu hata kuitundika ukutani.

Uzito na kitako

American ndiyo nyepesi, kama kilo 2.8. Axis inaikaribia, kilo tatu kasoro kidogo. Howa inafika 3.4 au zaidi, na Brno yenye mbao ya mjozi inacheza hapo hapo na Howa. Ongeza darubini, mkanda na risasi, na kila moja inazidi kwa robo tatu ya kilo hivi.

Anayepanda milima ya Kipengere atasema nyepesi ndiyo nzuri, na mpaka saa nane mchana atakuwa na haki. Shida ni kwamba .30-06 katika bunduki ya kilo 2.8 inapiga teke. Risasi ya kwanza unavumilia. Ya sita bega linakumbuka, na jicho linaanza kufumba kabla ya mlio. Kwa mtu mzima mwenye mwili, si neno. Kwa mtu mwembamba, au anayejifunza ukubwani, ile nusu kilo ya ziada ya Howa na Brno ni rafiki.

Vitako vya Axis na American ni vya plastiki. Cha Axis ni laini zaidi kwa mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika. Ukikibana kwa nguvu kinaweza kuufikia mtutu, na risasi zikahama. Ruger walizika vibao viwili vya chuma ndani ya kitako cha American ili mwili wa bunduki ukae mahali pamoja, na jambo hilo linasaidia kweli. Howa huja na vitako vya namna nyingi, kwa hiyo shika kilicho mbele yako, usinunue kwa picha. Brno ni mbao.

Kuna jaribio la kufanya pale pale dukani. Toa noti ya elfu mbili, ipitishe chini ya mtutu kutokea mdomoni, ivute kurudi nyuma kati ya mtutu na kitako. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, noti inateleza mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Ikikwama njiani, kuna mahali kitako kinagusa. Kisha rudia huku mwenzako amekibana kitako kwa mbele, kama kinavyobanwa mtu anapoegemea mti. Muuzaji atakutazama vibaya kidogo. Mwache.

Boliti na magazini

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo bunduki inapokuangusha ukiwa porini.

American ina meno matatu ya kuifungia boliti kwa mbele, na mkono wake unainuka nyuzi 70 tu, hivyo haugongi darubini hata ukiwa umevaa glovu za baridi ya Njombe. Axis na Howa wana meno mawili na mkono unaoinuka nyuzi 90, ule mwendo wa kawaida. Boliti ya Howa ndiyo laini kuliko mbili za Marekani inapotoka kiwandani. Ya Axis hukwaruza mwanzoni, halafu inalainika kadiri unavyoitumia.

Hizo tatu husukuma risasi tu: risasi inatoka kwenye magazini, inaelea kidogo mbele ya boliti, na kucha inaishika pale inapofungwa chemba. Brno imejengwa kwa mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898. Kucha yake ndefu ya ubavuni inadaka kitako cha risasi mara tu inapochomoka kwenye magazini, haiachii mpaka ganda litupwe nje. Toa boliti umwonyeshe mtoto, ataona mwenyewe: chuma kirefu kama kidole, kimelala ubavuni. Kwa swala, mtindo wowote kati ya hiyo miwili unatosha. Kwa mtu anayekoki kwa haraka, amechuchumaa, bunduki imelala upande, ule wa Brno husamehe makosa ya mkono.

Sasa magazini. Axis na American wana magazini ya kuchomoa, risasi nne. Ni raha kupakua: unaichomoa kabla hujapanda gari, umemaliza. Ila magazini ya kuchomoa ni magazini ya kupotea. Idondoshe kwenye nyasi za Usangu mwezi wa saba, nyasi zimefika kiunoni, kisha uniambie utanunua wapi nyingine kabla ya msimu kwisha. Ukichagua mojawapo ya hizi mbili, nunua magazini ya pili siku ile ile unayonunua bunduki. Howa ya kawaida na Brno wana magazini ya ndani yenye mlango wa chini, risasi tano. Hakuna cha kudondosha, lakini kabla ya kuondoka fungua huo mlango mara kadhaa uone kama unabana sawasawa.

Kifyatulio na usalama

Axis ya mwanzo ilikuwa na kifyatulio kizito kisichorekebishwa. Axis II ilikuja na kile wanachokiita AccuTrigger, unakirekebisha mwenyewe. Ukiona Axis ya bei ya kutupa, angalia ni ipi kati ya hizo. Cha American uzito wa kukivuta unarekebishwa kati ya kilo 1.4 na 2.3. Howa ina hatua mbili: unakivuta mpaka kinapokutana na ukuta, unatulia, unavuta tena. Mimi hicho nakipenda kuliko vyote, ingawa wapo wanaokichukia.

Brno nyingi zina kifyatulio cha kusukuma mbele kwanza, kikishasukumwa kinakuwa chepesi mno. Kwenye benchi ni kitamu. Kwa vidole vilivyokufa ganzi asubuhi ya baridi, usikisukume kabisa, vuta kawaida.

Usalama wa Axis na American uko juu, nyuma ya boliti, kidole gumba kinaupata chenyewe. American inakuruhusu kufungua boliti na kupakua huku usalama umefungwa, jambo zuri sana. Howa ina nafasi tatu: kupiga, salama na boliti inafunguka, salama na boliti imefungwa.

Brno ndiyo ya kuangalia kwa macho mawili. Kwenye ZKK nyingi za zamani usalama unakwenda kinyume na mazoea: ukisukumwa mbele ni salama, ukirudishwa nyuma inapiga. Mtu aliyezoea bunduki nyingine, akiona kitufe kimerudi nyuma, anadhani yuko salama. Siku ya kwanza unayoishika, bila risasi ndani, mdomo ukielekea mahali salama, fungua na funga mara mia mpaka mkono uzoee. Kama nyumbani kuna bunduki nyingine yenye usalama wa kawaida, fikiri mara mbili kuziweka pamoja.

Darubini

Axis huuzwa pia ikiwa na darubini yake imeshafungwa. Darubini hiyo si ya kujivunia lakini inafanya kazi, na kwa anayeanza inapunguza safari moja ya kwenda kutafuta vifungio. American huja na reli juu ya mwili, vifungio vya kawaida vinakaa. Howa si ya kusumbua.

Brno ina mfereji wake wa milimita 19 uliochongwa kwenye chuma, imara kuliko reli yoyote, ila unataka vifungio vyake maalumu. Kabla ya kumlipa mzee, muulize vifungio viko wapi. Kwa upande wa pili, Brno nyingi zina vilengeo vya chuma. Darubini ikivunjika, unaendelea. Zile tatu nyingine kwa kawaida hazina chochote juu ya mtutu, na darubini ikifa, uwindaji wako umekufa nayo.

Niliwahi kuifunga yangu nyuma ya bodaboda kutoka Makambako, barabara ya mashimo, na kesho yake nikamkosa ngiri aliyesimama kama ananisubiri. Skrubu mbili zilikuwa zinazungushika kwa vidole. Tangu hapo nabeba bisibisi ndogo, na kila nikifika napiga risasi moja kwenye kipande cha boksi kabla ya kuingia porini, pale ninaporuhusiwa kupiga.

Mvua, ukungu na vumbi

Plastiki inashinda hapa, hakuna ubishi. Miaka ya nyuma nilipewa bunduki yenye kitako cha mbao na mzee mmoja wa Makete. Ilikuwa imesimama kona ya jiko mvua zote za masika. Mbao ilivimba ikaubana mtutu, na risasi zikaenda kushoto kiganja kizima kwenye mita 100. Tulipoifungua tukakuta alama nyeusi pale mbao ilipogusa chuma. Fundi mwenye leseni aliparaza mbao, akaipaka mafuta mpaka ndani, ikatulia. Hiyo inaweza kuipata bunduki yoyote ya mbao isiyotunzwa, na Brno ni ya mbao.

Chuma kinaota kutu kwa wote wanne kama kimepakwa rangi nyeusi ya kawaida. Axis, American na Howa zina matoleo ya chuma cha pua. Kwa mtu wa Rungwe au Makete, ile ziada ya bei inajilipa. Ukitoka kwenye ukungu usiiingize bunduki moja kwa moja jikoni penye moto. Itatoa jasho, ndani na nje. Iache chumba cha baridi kwanza, ifute, pitisha kitambaa cha mafuta ndani ya mtutu. Mafuta ya cherehani yanafaa ukikosa ya bunduki. Ya alizeti, jamani, hapana: yakikaa yanakuwa gundi, na asubuhi ya baridi pini haigongi.

Vipuri, na kuikagua iliyotumika

Kwa mpya tatu, kila kipuri kitapita kwa muuzaji mwenye leseni na kitasubiriwa. Axis na American zimejengwa kwa bei, kwa hiyo vipande vidogo vya plastiki vipo, hasa kwenye magazini. Howa ina chuma kingi zaidi. Brno haitengenezwi tena, ila chuma chake ni kinene na mafundi wa zamani wanaijua kama wanavyojua baiskeli ya Phoenix.

Ukikagua Brno, toa boliti. Weka kipande cha karatasi nyeupe kwenye chemba, elekeza upande huo kwenye jua, chungulia kutokea mdomoni. Mifereji inatakiwa ionekane mikali, inayong'aa, inazunguka bila madoa. Madoa meusi kama ndui karibu na chemba ni kutu ya miaka. Kisha tazama mdomo wenyewe: kama umekaa yai upande mmoja, mtu alikuwa anasafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele. Angalia ufa kwenye mbao nyuma ya boliti. Mwisho, namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Ikikosa hata moja, rudisha, nawa mikono, nenda nyumbani.

Inamfaa nani

Kama hela ni kidogo kweli na unatoka mara mbili tatu kwa mwaka, Axis II yenye darubini inakuacha na pesa ya risasi. Huko Marekani kwa miaka mingi Axis ya kawaida imeuzwa chini ya dola 500. Hapa itapanda kwa usafiri na kodi, lakini itabaki ya chini kati ya mpya tatu.

Kama unatembea sana, milimani, na bega lako linastahimili, American. Iwapo unataka American lakini teke linakutisha, iangalie kwenye .243 au .308, mradi risasi zake zionekane rafuni.

Kama bunduki itabebwa kwenye gari, itapigwa mazoezi mengi, na unataka uirithishe, ongeza hela uchukue Howa.

Kama kuna mzee wa familia anaachia Brno iliyotunzwa, vifungio vipo, mtutu safi, na bunduki nyingine nyumbani hakuna, usiikimbie kwa sababu ya umri. Fuata taratibu za kuhamisha umiliki polisi kabla haijatoka nyumbani kwake, hata kama ni baba yako mkubwa.

Na kama tatizo lako ni nguruwe pori kwenye mahindi ya Mbozi na nyumba za watu ziko mita 200, usinunue hata moja kati ya hizi. Risasi ya .30-06 haiishii kwenye nguruwe. Zungumza na afisa wanyamapori kwanza, na ukiruhusiwa, shotigani ndiyo silaha ya mahali kama hapo.

Mpwa wangu aliishia kuniuliza kama Howa inapatikana na kitako kifupi. Mkono wake mfupi, kama wa mama yake. Nikamwambia aende akaishike, afumbe macho, aiinue begani, kisha afumbue. Kama jicho liko katikati ya darubini bila kunyoosha shingo, aanze kuzungumza bei.